Matanga ya Kobe wa Lisekese

Kobe wa mabwawa ya Masasi hawezi kurudisha shingo yake ndani moja kwa moja kama afanyavyo kobe wa nchi kavu. Huikunja kando, chini ya ukingo wa gamba, akabaki anakutazama kwa jicho moja, mithili ya mtu aliyeulizwa swali hadharani akaamua kulijibu bega lake. Mwaka ule nilikuwa na sababu ya kumwelewa.

Kiangazi cha mwaka huo nilisimama mbele ya jopo la wasomi chuoni kutetea andiko la utafiti wangu wa uzamili, lililohusu kazi za kobe wa maji baridi katika mabwawa madogo ya kusini. Mjumbe mmoja, mtu mpole, tena aliyekuwa akinitikisia kichwa kwa kunitia moyo tangu mwanzo, aliniuliza: "Kobe hawa wakiondoka wote kesho asubuhi, bwawa litakosa nini?"

Swali lilikuwa halali. Kusema kweli, lilikuwa ndilo swali lenyewe. Tatizo ni kwamba nilikuwa na majibu mengi, na yote yalifika mlangoni kwa wakati mmoja. Nilifikiria mizoga wanayoila. Nikafikiria konokono. Nikafikiri kwamba kabla ya kutaja kazi yoyote ni lazima kwanza nitofautishe spishi, na kwamba kabla ya kutofautisha spishi ni lazima nieleze tunamaanisha nini tunaposema bwawa "linakosa" kitu, kwa kuwa bwawa halina hamu. Kisha nikasikia kiyoyozi. Nilikisikiliza kiyoyozi kile kwa muda mrefu mno. Jopo likanipa maji ya kunywa, likanipa pole, likanipa na sharti: nirudi baada ya mvua za kwanza nikiwa na ushahidi kwamba kobe niliokwisha kuwatia alama katika bwawa la Lisekese wamevuka kiangazi na kurudi majini. Bila hao, nitafute mada nyingine na nianze upya.

Nilirudi kwetu Newala kwa basi huku nikimtungia mjumbe yule majibu mazuri sana, ambayo hakuwapo kuyasikia.

Newala iko juu ukingoni. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaliona bonde la Ruvuma lote limetandazwa chini, na mto wenyewe unang'aa kama bati jipya, nawe umeshika ndoo tupu. Nimekulia katika mzaha huo. Mama alikuwa na kipimo cha maji ya kuoga kwa kila mtoto, na maji hayo baada ya kuoga yalikuwa na safari nyingine: kudeki, kisha mchicha. Ninalitaja hili mapema kwa sababu lilinisumbua baadaye. Mtu aliyelelewa na kopo la kupimia hawezi kumwambia mtu mwingine asichimbe maji, hata awe na andiko la utafiti.

Baada ya Mama kuchoka kunitazama nikizungumza na ukuta, alinituma Lisekese, kwa mama mdogo, karibu na bwawa langu. "Kawaangalie hao kobe wako," alisema. "Hapa unanimalizia chai."

Bwawa la Lisekese si kubwa. Wakati wa mvua hujaa hadi kwenye mikorosho. Wakati wa kiangazi hupungua, likawa dimbwi, likawa tope, na mwishowe tope hilo hukauka juu na kupasuka vipande kama mkate uliosahauliwa. Upande mmoja una matete. Kobe niliokuwa nikiwafuatilia ni wale wa matope, wenye gamba la kijivu na harufu ambayo nitaieleza kwa uungwana: wakishikwa, hutoa kitu kinachomfanya hata mbuzi aliye jirani ageuze kichwa. Si kobe pekee wa sehemu zetu. Yupo mwenye bawaba tumboni, ambaye akitishwa hujifungia kama sanduku la bibi harusi. Na kule Ruvuma yupo mkubwa mwenye gamba laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa, mpenda konokono. Lakini yule wa matope ndiye aliyenivuta, kwa kuwa maji yakikauka hana mto wa kukimbilia. Hujizika. Hushuka ndani ya tope lenyewe, akapunguza pumzi, akapunguza moyo, akangoja. Mimi nisiyeweza kungoja maji ya chai yachemke nilimwona kiumbe wa ajabu.

Mwezi wa Mei, kabla ya jopo, bwawa likiwa bado na maji, nilikuwa nimewakamata kwa mitego ya wavu yenye chambo cha utumbo wa kuku, na kila mmoja nikamkata kipengo kidogo kwa tupa pembeni mwa gamba, kila kobe kwa mpangilio wake, ili nikimpata tena nimtambue. Ndiyo njia ya kawaida. Nilikuwa nimeketi ukingoni nikifanya kazi hiyo, akina mama wakifua karibu nami, alipopita mwenyekiti wa kitongoji na baiskeli yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unawafanya nini hao?"

"Nawatia alama."

Aliegemeza baiskeli, akainama, akatazama kwa makini kama mtu anayekagua korosho za daraja la kwanza. "Hii si alama," alisema kwa sauti ya kuwafikia wanaofua. "Hii ni nembo. Bibi yangu Mmakonde alikuwa nayo usoni, hivi hivi, mistari mistari. Jamani, njoni muone! Mngoni amewachanja kobe wetu!"

Aliniita Mngoni kwa sababu baba yangu alikuwa Mngoni wa Songea, mwalimu aliyehamishiwa Newala akamwoa mama yangu Mmakonde, na habari hiyo ilinitangulia kila nilikokwenda. Wangoni na watu wa kusini hii ni watani tangu enzi za mababu waliokuja na ngao.

"Zamani mlikuja mkachukua kuku," aliendelea. "Sasa mmerudi kuchukua kobe?"

"Hawachukuliwi, Mwenyekiti. Nawarudisha majini."

"Basi umeshawafanya Wamakonde kamili. Mtu akishachanjwa ni wa kwetu. Akifa tunamwekea matanga."

Akina mama walicheka hadi mmoja akaangusha sabuni majini. Mtu mwenye akili timamu angejibu utani kwa utani. Mimi nilieleza kwamba ukingo wa gamba ni kama ukucha, haumuumizi mnyama, na kwamba mbinu hiyo inakubalika katika vitabu. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, akasema "sawa, mwalimu," akapanda baiskeli yake. Jioni nilipomsimulia mama mdogo, alifumba macho kama mtu aliyesikia habari ya aibu katika ukoo.

"Mtu anakutania, wewe unamfundisha?"

"Nilidhani anauliza."

"Baba yako angekuwapo," alisema, "mwenyekiti yule angeondoka bila baiskeli."

Hayo yalikuwa mambo ya Mei. Niliporudi kutoka kwenye jopo langu, ilikuwa Oktoba. Bwawa lilikuwa limekauka, kobe walikuwa chini, na kilichobaki kwangu kilikuwa kungoja tu. Ndipo mama mdogo alipotoka kwenye kikao cha akina mama wa kanisa na habari, akaitoa kabla hata hajavua viatu.

"Jumamosi ni msaragambo, kitongoji kizima. Bwawa linachimbwa."

"Linachimbwa vipi?"

"Kwa majembe. Wanaondoa tope lote ili liwe na kina, mvua ikija lishike maji mengi. Tope linakwenda kwenye matofali ya zahanati."

Nilikaa chini. Kichwani niliona kila kitu kwa mpangilio: tope, kobe ndani ya tope, tope ndani ya kibao cha tofali, tofali ndani ya tanuri. Nilimwona mjumbe mpole wa jopo akiuliza wako wapi kobe wako, nami nikimwelekeza kwenye ukuta wa zahanati.

Niliomba nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa kitongoji, nikapewa. Nilijiandaa siku mbili. Nilichora bwawa kwenye karatasi kubwa za manila: matete, maji, tope, na kobe waliolala. Niliamkia safu ya wazee mmoja mmoja, jambo lililokula muda wangu mwingi, kwa kuwa nilishindwa kuamua niishie kwa nani. Kisha nilieleza. Nilieleza kwamba kobe hula mizoga ambayo ingeozea kwenye maji. Kwamba hula viluwiluwi vya mbu, na konokono, ambao baadhi yao hubeba kichocho. Kwamba wanapotembea chini huvuruga tope, na chakula kilichozikwa humo kikarudi majini kwa samaki. Kwamba mayai na watoto wao ni chakula cha kenge na cha ndege. Kwamba mvua ikinyesha huhama kwa miguu kutoka bwawa hadi bwawa, wakiwa wamebeba mbegu za magugu ya majini kwenye matope ya magamba yao. Sikusikia kiyoyozi. Hakikuwapo. Nilimaliza kila nukta, na mkutano ukanipigia makofi: makofi ya pamoja, yenye mdundo, yale ya "pasha pasha, pa!"

Nilirudi nyumbani nikielea.

"Wamekubali," nilimwambia mama mdogo.

"Nani kasema?"

"Wamenipigia makofi."

Aliweka mwiko chini. "Mwanangu, huku ukipigiwa makofi maana yake umemaliza, kaa. Wangekuwa wanafikiria kukubali wangekubishia."

Jumamosi walikuja wote. Walikuja na majembe, sepetu, karai na ndoo. Mkokoteni wa ng'ombe uliletwa kubebea tope. Mwenyekiti alikuwa na filimbi shingoni. Mimi nilisimama ukingoni, upande wa matete, nikiwa nimevaa viatu vya mpira vya shambani na kofia ya chuo, nikijiambia kwamba baada ya karai linalofuata nitasema neno. Karai likafuata karai. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa: waanze katikati, ambako kina kinahitajika zaidi, waache ukingo wa matete, ambako kobe wengi hujizika. Hoja ilikuwa fupi na haikuwa na utata hata mmoja. Nilikuwa nayo mdomoni kama punje ya hindi isiyotafunika.

Nilifikiri pia kuhusu Newala, na hilo lilinifunga zaidi. Kina mama waliokuwa wakipokezana karai pale walikuwa wanachimba kile ambacho Mama alikuwa akikipima kwa kopo. Nani alinipa ruhusa ya kuwaambia wasubiri?

Ndipo jembe lililia. Kila aliyewahi kulima anaujua mlio wa jembe juu ya jiwe, na huu haukuwa huo. Kijana aliyekuwa akichimba karibu na matete alisita, akainama, akakwangua kwa mikono, akainua kitu kilichofunikwa na tope. Gamba lilikuwa limepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Shingo ilikuwa imekunjwa kando, vilevile kama alivyolala miezi yote hiyo. Alikuwa na vipengo viwili upande wa kushoto na kimoja nyuma. Nilimkumbuka. Mwezi wa Mei alinichafulia shati.

Kazi ilisimama. Mwenyekiti alikuja, akamtazama, akavua kofia yake, nami najua alifanya hivyo bila kukusudia.

"Pole, mwalimu," alisema kwa upole.

Upole ule ndio ulionishinda. Ulikuwa upole wa jopo, ule ule, unaokuja na glasi ya maji. Nilijua kwamba nikijibu "asante" mambo yatakuwa yamekwisha. Watampitisha huyo kando, majembe yataendelea, na mimi nitarudi kutungia ukuta majibu. Sikuamua nilichofanya. Watu waliokuwapo husema nilivua kofia ya chuo kwanza, nikaikabidhi kwa mtu. Hilo silikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilishuka kwenye shimo, nikalala chali katika tope pale alipotolewa kobe, nikanyoosha miguu, nikapiga ukunga.

"Uwiii! Wamakonde mmeua ndugu yenu! Mmemuua usingizini! Uwiii, mtani wangu!"

Juu yangu nilimwona mama mdogo amejishika kiuno, mdomo wazi. Kisha mwanamke mmoja akacheka, na kicheko kile kikapita ukingoni kote kama moto wa majani makavu.

Katika misiba ya kwetu mtani ana haki ambazo mwingine hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa akikoroma. Anaweza kuingia kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka hadi wafiwa wamkomboe. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni, kutoka nyuma ya kanga ya Mama, nikiwaogopa watani kuliko nilivyokiogopa kifo chenyewe. Sikuwahi kudhani kwamba haki hiyo ilikuwa yangu.

Mwenyekiti alipiga filimbi. "Mngoni! Toka humo, watu wana kazi."

"Sitoki. Kuna msiba."

"Msiba wa kobe?"

"Msiba wa Mmakonde. Nani alisema mtu akishachanjwa ni wa kwenu? Nani alisema akifa mnamwekea matanga? Nilikuwa hapa hapa, na hawa waliokuwa wakifua ni mashahidi."

"Ulisema!" akina mama walipaza sauti kwa furaha isiyo na huruma. "Ulisema, Mwenyekiti! Hata sabuni ilianguka!"

Mwenyekiti alijikuna kidevu. Nilimwona akitafuta njia, na kwa kweli aliipata nzuri. "Haya. Lakini wewe mama yako si wa Newala? Basi upande wa mama wewe ni mfiwa. Mfiwa halali kaburini. Toka ukapike."

Hili nilikuwa nimeshalifikiria, maana hakuna jambo ambalo sijalifikiria. Huku ukoo ni wa mama, na mimi kwa hesabu zote za heshima ni Mmakonde. Wakati wowote mwingine ningekubali kwamba hoja yake ina uzito na ningeomba muda wa kuisoma.

"Miguu ni ya mama," nilimjibu kutoka kwenye tope, "imebaki nje inalia. Aliyelala humu ni upande wa baba. Mkitaka, mzikeni pamoja na marehemu, ila Songea watakuja kumuulizia."

"Na ngao?"

"Na ngao. Na safari hii hatuchukui kuku."

"Mnachukua nini?"

"Tunachukua filimbi."

Hapo mama mdogo, ambaye ni mtu wa heshima, kiongozi wa maombi, asiyeonekana barabarani bila kitambaa kichwani, alitokwa na kicheko kama cha msichana. Kisha akajirudi, akanielekezea kidole. "Lia unavyolia, ila wimbo wa kanisani usiuguse. Nakuonya."

Tukaanza kujadiliana bei ya kunitoa, wao wamesimama juu, mimi nimelala chini, na tope linaingia masikioni. Walinipa kuku, nikakataa. Mzee mmoja alisema niachwe humo, mvua ikija nitaelea. Mwingine alisema kobe wenyewe si wa kuliliwa hivyo, kwani hata panya wa shambani, yule tunayemwita kwa adabu samaki nchanga, ana faida zaidi yake, analiwa. Nikamwambia ndiyo maana nimelala juu ya kobe hawa: nawajua ninyi, kwenu kila kitokacho shimoni ni kitoweo. Nilikuwa sijawahi kumjibu mzee namna ile maishani mwangu. Mzee alifurahi kama mtu aliyezawadiwa.

Hatimaye mwenyekiti alichuchumaa ukingoni. "Sema unachotaka, Mngoni."

"Chimbeni katikati, mpaka chini mnavyotaka. Upande wa matete msiuguse hadi mvua inyeshe na kobe watoke wenyewe. Na mkimkuta yeyote huko katikati, jembe linasimama, mnaniita."

Akawaza. Hakuwa anatania tena, ingawa sauti ilibaki ya utani, na hiyo ndiyo raha ya utani: mtu anaweza kusema la kweli bila kuvua vazi lile. "Upande wa matete ni kama robo ya bwawa. Robo ya maji ya watu."

"Najua. Ninatoka Newala."

"Sasa wasipotoka je? Mvua inyeshe, kobe hakuna, sisi tumekosa robo ya bwawa kwa ajili ya matanga?"

"Wasipotoka, kiangazi kijacho nitachimba mimi upande huo. Peke yangu."

"Na wakitoka?"

"Wakitoka…" Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimejiandaa kwa maafa tu.

"Wakitoka," alisema mwenyekiti, akiwageukia watu, "itakuwa ulitulilia msiba wa uongo. Umelala kaburini mbele ya watu wazima! Utatupikia arobaini, kitongoji kizima."

Makofi yakapigwa, na sasa nilijua maana yake: tumemaliza. Vijana wawili walinivuta mikono. Tope halikutaka kuniachia, likaniachia kwa mlio ambao sitaueleza, na mlio huo ulisimuliwa Lisekese kwa majuma kadhaa.

Siku ile nilibeba karai hadi jua lilipozama nyuma ya majabali ya Masasi. Katikati mwa bwawa walipatikana kobe wengine, wachache, na kila mara jembe lilisimama, na mtu akaita: "Mngoni! Ndugu!" Niliwahamishia kwenye matete kwa ndoo, nikawazika tena kwa mikono. Yule aliyekufa nilimfukia chini ya mkorosho. Nilikuwa peke yangu, lakini nilipogeuka nilimkuta yule kijana wa jembe amesimama kwa mbali, na jembe lake ameliacha kule.

Baada ya hapo nilingoja, na kungoja, kama nilivyokwisha kusema, si kipaji changu. Novemba ilikuwa ya moto. Korosho zikaokotwa, zikauzwa, malori yakaja na kuondoka. Kila asubuhi nilikwenda kwenye matete, nikatazama nyufa. Nilipata mawazo ya kila aina. Huenda tuliwatikisa. Huenda niliowazika upya niliwazika kina kisichofaa. Huenda kobe ana sababu zake za kuchagua shimo, nami nimewapangia vyumba kama mwenye nyumba wa gesti. Nilifikiri hata juu ya kuchimba kidogo, mmoja tu, nione kama anapumua. Mama mdogo alinikuta nimeshika mwiko wake wa ugali karibu na bwawa, akanipokonya bila kuuliza.

"Ukimchimba kumwona kama yu hai," alisema, "utakuwa umemaliza kazi ya lile jembe."

Mvua ilikuja mchana wa Desemba, yenye upepo, ikapiga mabati kwa nguvu hata tukawa tunazungumza kwa ishara. Usiku kucha ikanyesha. Asubuhi katikati ya bwawa, pale palipochimbwa, kulikuwa na maji mengi ambayo hata wazee walisema hawakuwahi kuyaona mapema hivyo, mekundu kama chai ya maziwa. Watu walikuja kuyatazama tu, wamesimama, hawana la kufanya, wanatabasamu. Upande wa matete ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Nilitega mitego, nikakaa.

Mitego ilinipa chura. Ikanipa chura tena. Siku iliyofuata ikanipa kobe, nikamgeuza, nikamtazama ukingo wote wa gamba, nikamtazama mara ya pili: hakuwa na nembo. Mgeni, labda ametembea kutoka bwawa jingine kwa mvua ile. Kwa kweli alikuwa ushahidi mzuri wa mojawapo ya nukta zangu, na ningetoa chochote ili awe mwingine.

Aliyempata wa kwanza mwenye nembo hakuwa mimi. Nilikuwa nyumbani nikila muhogo simu ilipolia, na sauti ya mwenyekiti ikapiga kelele kana kwamba hatumii simu bali anaita kutoka mlimani.

"Mngoni! Maiti yako inavuka barabara!"

Nilikwenda na bodaboda. Pale njiani, kati ya mikorosho na bwawa, watu walikuwa wamesimama kwa duara, na katikati ya duara kobe wa matope alikuwa akitembea bila haraka kuelekea majini, tope la miezi bado limemganda mgongoni. Vipengo viwili kulia, kimoja mbele. Nilimwinua. Alinikunjia shingo, akanitazama kwa jicho moja, kisha akanifanyia lile alifanyalo, kwenye blauzi nyeupe niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya jopo na ambayo, kwa sababu nisizozikumbuka, nilikuwa nimeijaribu asubuhi ile. Duara lilipanuka mara moja. Dereva wa bodaboda akatangaza kwamba kurudi nitarudi kwa miguu.

Hawakurudi wote. Nawiwa kulisema hilo sawasawa. Lakini kufikia mwisho wa juma mitego ilikuwa imenirudishia wengi wao, pamoja na wawili kati ya wale niliowazika kwa mikono yangu, na nilipompigia msimamizi wangu wa chuoni kumsomea alama zao, alisema, "Njoo. Hiyo inatosha kusimama nayo."

Tulipika arobaini Jumamosi, mama mdogo nami, pale pale ukingoni: mihogo kwa nazi, na kuku wale wale niliowakataa shimoni, ambao mwenyekiti aliwaleta mwenyewe akidai kwamba Mngoni hawezi kuaminiwa na kuku wa watu. Watu walikula wakiwa wamekaa juu ya matofali ya zahanati. Yule mzee wa samaki nchanga alitoa hotuba ya kumsifu marehemu, akasema alikuwa mtu wa usingizi mzito, mla mizoga, mnuka vibaya, na kwamba pengo lake lisingezibika.

"Lisingezibika vipi, mzee?" mama mmoja alimchokoza. "Bwawa lingekosa nini?"

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikajibu kabla mzee hajajibu, na kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba ninajibu. "Panya akifia humo, maji yangenuka hadi kwako. Na mwanao angekuja na kichocho kabla ya Pasaka. Ongeza nazi?"

"Ongeza," alisema.

Mwenyekiti alikuwa akinitazama. Tulipokuwa tukiosha sufuria aliniuliza ninaondoka lini kwenda kwenye hilo jopo langu, nami nikamwambia Jumatatu, kwa basi la alfajiri.

"Wako wangapi?"

"Watano."

"Makabila gani?"

"Sijui, Mwenyekiti. Sijawahi kuwauliza."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake akienda shambani bila jembe. "Uliza kwanza," alisema. "Katika watu watano hukosi mtani."